Kambi nzima inaamini nilimtoa mwanangu meno ya plastiki

Admin, nifiche jina na jina la kambi pia, maana wifi yangu humsomea mama mkwe hii page kila siku.

Mimi nina miaka 24, niko hapa Kampala. Mume wangu ni askari, saa hizi yuko kazini mpakani, na mimi naishi kwota hapa kambini na mama yake. Mwezi uliopita mtoto wangu wa miezi mitano aliharisha, mwili ukachemka, ziwa akalikataa. Mama mkwe akamfungua mdomo, akanionyesha vivimbe vyeupe kwenye ufizi. "Haya ni meno ya plastiki. Ndiyo yanamwua. Mpeleke kwa yule mama akayatoe." Nikampigia mume wangu, akasema, "Msikilize mama, hata mimi nilitolewa." Ni kweli, chonge za chini hana.

Huyo mama ni mganga wa kienyeji, anayatoa kwa spoku ya baiskeli. Jamani, nilishindwa. Nilipanda boda kama naenda kwake, mbele kidogo nikamwambia dereva twende hospitali ya Mulago. Nesi akamwangalia mtoto, akasema, "Dada, haya ni meno yake mwenyewe, ni chonge, bado ziko ndani ya ufizi. Mtoto anaumwa tumbo." Akanipa dawa ya pakiti ya kuchanganya na maji, na zinki. Nyumbani nikadanganya kwamba yametolewa, na mdomo usiguswe.

Mtoto akapona. Kumbe nimejitia kitanzi mwenyewe. Mama mkwe anapita mlango kwa mlango akinisifu, eti mkamwana wake si kama wasichana wa siku hizi.

Sasa mtoto wa jirani yangu, Mama Brian, naye anaharisha. Nilimwambia aanze hospitali. Akanikazia macho. "Wako alipona kwa nani? Ama wangu ndiye wa kufa?" Ukweli singeweza kuusema, mama mkwe alikuwa amekaa hapo hapo.

Nikisema ukweli, mume ataniita mwongo, na siku mwanangu akiugua tena, mama mkwe atambeba mwenyewe hadi kwa huyo mganga nikiwa sokoni. Hilo ndilo naliogopa kuliko yote. Nikinyamaza, kile kichanga cha Mama Brian kitachokonolewa ufizi, na nimeshasikia wanaorudi na damu isiyokatika.

Wanaenda kesho asubuhi. Mama Brian ameniomba nimsindikize, nimshikie mtoto kichwa, kwa vile mimi nimeshazoea. Mama mkwe akanijibia kwamba nitaenda. Nitukaneni mkitaka, lakini niambieni leo hii: kesho nifanyeje?