Gunia Lisilokuwa na Fundo

Nakumbuka gunia lile liliporudishwa kijijini kwetu Kirushya, mdomo wazi, na jana, nikikusikiliza, nililiona tena akilini mwangu. Uliniambia, mwanangu, kwamba kompyuta unayoisimamia hospitalini imechanganya dawa za wagonjwa, kwamba kila mtu anasema ni kosa la mashine, na kwamba muuguzi aliyezigawa ameandikiwa barua ya kujieleza. Sikukujibu. Leo nakujibu.

Kabla ya vita, maharage ya shamba la ujamaa yalichambuliwa na akina mama kwa ungo. Kila mmoja alifunga gunia lake kwa kamba ya mgomba, na kila mmoja alikuwa na fundo lake. Jiwe likionekana ndani, watu walitazama fundo wakajua wa kumwuliza. Hapakuwa na ugomvi.

Kisha tukaletewa mashine ya kuchambua. Mimi, kwa kuwa nilimaliza darasa la saba, nilipelekwa Biharamulo wiki mbili kujifunza, nikarudi fundi. Loo, nilivyojiona! Magunia yakawa yanashonwa kwa uzi wa aina moja. Mafundo yakaachwa, nami nikafurahi kwamba ushamba umetutoka.

Aliyemimina maharage kwenye mashine alikuwa Mama Laurensia, mjane, jirani yetu. Asubuhi moja akaniambia, "Mwanangu, leo inalia vingine. Hebu izime utazame."

"Mama, hii siyo ungo," nikamjibu. "Wewe mimina tu."

Akamimina. Maharage yale yalikuwa ya askari wetu waliokuwa vitani. Baada ya siku chache gunia moja likarudi, ndani yake mna vipande vya waya. Nilikimbilia mashine, nikalikuta chekeche lake la waya limekatika. Nilijua pale pale waya umetoka wapi.

Mwenyekiti aliniuliza mbele ya kijiji kizima. Nikasema, "Ni mashine, Mwenyekiti."

"Mashine siwezi kuipeleka kwa wakubwa," akasema. "Nani alikuwa anamimina?"

Nikanyamaza. Watu wakamgeukia Mama Laurensia. Siku zile neno hujuma lilitisha kuliko bunduki. Mgambo wakamchukua hadi ofisi ya kata, naye alinitazama akisubiri niseme lile aliloniambia asubuhi ile. Nilitazama chini. Hata sasa, nikiwa na mvi hizi, naona haya kulisimulia.

Bibi yangu, aliyechambua maharage miaka mingi, alinikuta nimekaa uani. Akaniwekea kamba ya mgomba mapajani.

"Funga fundo lako," akasema.

"La nini, Bibi?"

"Gunia lile lilikosa mwenyewe, ndiyo maana wamemchukua asiye na wa kumsemea. Mashine haina mikono. Wewe unayo."

Nililia, mwanangu. Kisha nikalibeba chekeche bovu hadi ofisi ya kata, nikasema yote: nilionywa, nikapuuza, nikaona, nikanyamaza. Mama Laurensia aliachiwa siku ileile. Mimi nilinyang'anywa mashine nikapewa jembe, na nilistahili.

Tuliishi naye miaka mingi baada ya hapo. Kila nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, mpaka anafariki. Lakini hakuniita tena mwanangu.

Basi sikiliza. Mashine ikikosea, usiishie kuitaja mashine, maana lawama haitabaki hewani. Itamtafuta mnyonge aliye karibu. Uliza nani aliiwasha, nani alionywa, nani aliona akakaa kimya. Na kama ni wewe, ondoka kesho asubuhi ukaseme, kabla barua ya yule muuguzi haijajibiwa. Kazi ukiipoteza, nyumbani kwangu jembe lipo na chakula kipo.

Mungu akutangulie njiani, akufungue kinywa mbele ya wakubwa wako. Na yule binti muuguzi, ukishamtoa lawamani, Mungu amjalie moyo wa kukuita ndugu.