Yeye Ananyonya, Mimi Natafuna

Nesi alipochovya tena pamba kwenye dawa ya zambarau na kusema, mbele ya benchi zima la wanawake, "Haya, fungua mdomo, mama usiyepiga mswaki," nilimshika mkono. Sikuupindisha. Niliushika tu, dawa ikamtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Leo hunipaki."

Wiki kadhaa nyuma alikuwa ameona weupe ndani ya mashavu yangu, akaamua ni fangasi. Akanikataza kunyonyesha mpaka nipone, eti nitamwambukiza mwanangu. Mtoto wa miezi mitatu akahamia maziwa ya kopo, huku yangu yakiloanisha khanga bure. Weupe wenyewe haukuondoka.

Mtoto mgongoni, nikaingia chumba cha meno, mlango wa pili. Daktari, binti wa rika langu, aliusugua kwa kitambaa, haukutoka. Akaniambia niume meno taratibu. Ulikuwa palepale meno yanapokutana, kwingine kote safi.

"Dada, unajitafuna mashavu?"

"Mimi mbuzi?"

Akacheka. "Ukiwa unawaza mbali, mdomo wako unafanya nini?"

Nikaiona Gulwe, kijijini kwetu, mimi msichana nimekaa kando ya reli, joto likivifanya vyuma vile vielee kama viko majini, na mdomoni ladha ya chumvi. Nikaziona alasiri za Miyuji, ninakoishi sasa, upepo umelijaza pazia mpaka limekuwa na tumbo, mtoto kifuani, macho yangu yamezama mahali nisipopajua. Yeye ananyonya, mimi natafuna, taya zetu zinakwenda pamoja. Miaka yote hiyo nilidhani nimetulia tu.

"Si fangasi. Ni mazoea, na hayaambukizi. Mnyonyeshe."

Nilimshusha mtoto mgongoni, nikatoa titi hapohapo kwenye kiti chake. Mtoto akageuza uso, akawa anatafuta chupa.

Nikaenda moja kwa moja kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo.

"Shikamoo."

"Marahaba." Nikamsimulia yote. "Mwanangu, tuyamalize kifamilia. Nesi amechoka tu."

"Hata mimi nimechoka, mzee. Andika."

Akaandika, nikatia sahihi: kwamba niliachishwa kunyonyesha kwa ugonjwa nisiokuwa nao, bila kuulizwa hata swali moja, kwamba niliitwa mchafu mbele za watu, na kwamba kituo hiki kinisaidie kumrudisha mwanangu kwenye titi, kuanzia leo, si kesho.