Kisanduku Penye Viatu

Nyumba niliyoolewa, hapa Mji Mkongwe, ina kuta nene kushinda dhiraa moja. Ni mawe na chokaa tupu. Mchana wa jua kali ndani hubaki baridi, na kwa miaka mingi nimemshukuru Mwenyezi Mungu kwa kuta hizo. Nimezilaumu mara moja tu maishani, nayo ni katika ile miaka ya elfu mbili, mtandao ulipoanza kuingia majumbani mwetu.

Nilisomesha chuo cha Kur'ani cha watoto wa kike kwenye ukumbi wa chini wa nyumba hii hata magoti yakanishinda, nikawaachia wengine. Wengi walihitimu kwangu, na wengine waliishia njiani. Katika hao wa njiani yuko mmoja ambaye hakunitoka moyoni, binti wa shoga yangu wa Jang'ombe. Alipokuwa na umri wa miaka mitano alishikwa na homa iliyomlegeza kama kitambaa. Mama yake akaweka nadhiri: akipona, atahitimu Kur'ani kwangu mimi, naye mama atawapikia chuo kizima pilau. Mtoto akapona. Akasoma kwa sauti nzuri, wala hakuwa mtoro. Zilipobaki juzuu tatu, akaposwa, akaolewa, akachukuliwa Maskati. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya themanini.

Tangu siku hiyo shoga yangu kila akiniona, kabla hata ya habari za maradhi, huuliza, "Shoga, mwanangu atamaliza lini?" Kama kwamba mimi ndiye niliyemwoza.

"Kule Maskati walimu wamejaa," nilimwambia siku moja.

"Nilinadhiri kwako weye. Sikusema kwa mwalimu yeyote."

Ikapita miaka ishirini. Sukari ikamla macho, moyo nao ukachoka, na daktari akamwambia asipande ngazi ovyo. Sasa akiuliza lile swali lake, alikuwa akiliuliza polepole, nami nilijua anahesabu pumzi. Hakuogopa kufa. Aliogopa kufa na nadhiri shingoni.

Mke wa mwanangu, ambaye kazini kwake hushinda na kompyuta, ndiye aliyetuonyesha njia. Alisema yule binti anaweza kunisomea kutoka Maskati, mimi nikamsikia na kumsahihisha papo hapo, bila ya gharama ya simu. Waya wa simu, ambao ndio ulioleta mtandao, uliishia ukumbini chini, na mimi nakaa ghorofa ya pili. Fundi alijaribu kutoboa ukuta apandishe waya hadi kwangu, baada ya kitambo ncha ya kekee ikakatika, akafuta jasho, akasema, "Bibi, waliojenga hapa hawakutaka mtu apite." Basi kikaletwa kisanduku cheupe chenye taa ndogo za kijani, cha kutoa mtandao bila ya waya. Wayalesi, ndivyo tulivyokiita.

Kukiweka kukawa kazi yangu, na hapo ndipo nilipokosea, kwa nia njema. Niliona kitu kitakachopitisha maneno ya Mungu hakiwezi kuwekwa popote tu. Nikamwomba mke wa mwanangu akiweke ukumbini katika kidaka cha juu kabisa, kile kilichochimbwa ndani ya ukuta, ambamo tangu zamani tunaweka msahafu. Alipoondoka kwenda kazini nikashuka ngazi moja moja, nikakifunika kwa kitambaa nilichokidarizi mwenyewe kisiingie vumbi, na mbele yake nikasimamisha sinia ya shaba ya mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Kikapendeza.

Tukaanza baada ya sala ya alasiri. Shoga yangu aliletwa kwa teksi, akapandishwa ngazi kwa mapumziko matatu, akakaa kitandani pangu, mbele ya kompyuta ya mke wa mwanangu.

"Shikamoo Mwalimu," ikatoka sauti ndani ya kompyuta.

"Marahaba mwanangu. Umenenepa au kioo changu kibovu?"

"Nimezaa sita, Mwalimu!"

Tukacheka, akapiga bismillahi. Aya ya kwanza ilifika nzima. Ya pili ikakatika katikati, picha ikaganda mdomo wazi. Akarudi, akaanza upya, ikakatika tena. Katika usomeshaji wetu siwezi kumpitisha mwanafunzi aya ambayo sikuisikia mwanzo hadi mwisho. Kukisia si kusikia. Kwa hivyo tukawa tunarudi, na kurudi, na kurudi. Wiki mbili zikatupatia kurasa mbili.

"Zamani ulimchapa kwa kusoma mbio," alisema shoga yangu. "Leo Mungu kakuletea kobe."

Alisema kwa mzaha, lakini siku ya kumi na tano hakuja. Waliniambia miguu imemvimba.

Siku hiyo mke wa mwanangu aliomba ruhusa kazini. Akachukua kompyuta yake ya mkononi akaizungusha nyumba nzima, akitazama vile vistari vinavyoonyesha nguvu ya mtandao. Ukumbini vilikuwa viwili. Ngazini kimoja. Kwangu juu vilikuja na kuondoka kama mgeni asiye na uhakika wa nyumba. Akarudi kwenye kidaka.

"Mama, nani kakifunika hiki?"

"Mimi."

"Na sinia hii?"

"Mimi. Kinapitisha Kur'ani, mwanangu."

Akakaa kitako, asicheke, Mungu amlipe. Akanieleza kwamba mawimbi yale ni kama sauti ya mtu: huchoka yakipita ukutani, na kwenye shaba hugonga yakarudi. Mimi nilikuwa nimeutia mdomo wake ndani ya ukuta na kuuziba kwa sinia. Kisha akakichukua, akakijaribu huku na kule, hata akakiweka kwenye kile kipande kipana cha ngazi kinapokata kona. Hapo panaonekana chini ukumbini, na juu panaonekana mlango wangu. Vistari vikajaa vyote.

Lakini pale ndipo watu wote wa nyumba wanapovulia viatu.

"Hapana," nikasema.

"Mama, ni hapa tu."

"Nshasema hapana. Maneno ya Mungu hayapiti penye viatu."

Siku tatu kisanduku kikarudi kidakani, na siku tatu binti wa watu alisoma vipandevipande. Siku ya tatu mama yake alikuja, miguu imefungwa bandeji. Nikamweleza, nikitaraji aniunge mkono, maana ni mcha Mungu kunishinda.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, kisanduku umekipandisha juu, na mwanangu umemwacha mlangoni."

Nilikuwa nimesomesha umri mzima kwamba adabu ni kwa neno na kwa mwenye kulisoma. Nikakumbuka kwao Jang'ombe adhana hupita juu ya mitaro ya maji machafu kila siku mara tano, na haijapata kuchafuka. Nikainuka mwenyewe, nikashikilia ukuta, nikashuka.

Ila viatu sikuviacha. Nikavikusanya vyote, pea baada ya pea, nikavirusha chini hadi mlango mkubwa.

"Viatu vyangu vya kazini hivyo, Mama!"

"Vitakutana nawe barabarani."

Kisanduku nikakiweka pale kwenye kona, juu ya kigoda, uso wazi, bila ya kitambaa. Nikatangaza sheria mbili: saa ya kusoma mlango wangu uwe wazi, na mtu asisimame ngazini.

Sisemi kwamba hakikukatika tena. Umeme ulizimika ulipotaka, na mvua za masika zilitutia tabu. Lakini aya zilifika nzima, kurasa zikasogea, na wiki zikawa zinazaa matunda. Mama yake alikuja kila alipopata nguvu, akakaa palepale kitandani, kidole kikihesabu kurasa juu ya goti.

Tulifika sura fupi za mwisho siku ya Alhamisi. Shoga yangu alikuwa keshainua mikono kwa dua kabla sura ya mwisho haijaisha, na neno la mwisho kabisa ndilo lililokatika.

"Amin!" akasema.

"Bado," nikasema. "Sikulisikia."

"Mimi nimelisikia!"

"Weye umelisikia kwa moyo. Ngoja."

Tukangoja. Picha ikarudi, binti yule akitokwa na machozi, akidhani kuhitimu kwake kumeharibika. Nikamwambia airudie sura yote, taratibu, hakuna anayetufukuza. Akairudia. Safari hii nililisikia neno la mwisho mpaka herufi yake ya mwisho.

"Nimekusikia," nikamwambia. "Umehitimu."

Mama yake hakusema amin tena. Alilishika goti langu bovu akaliminya, na mimi sikulalamika.

Pilau lilipikwa Jumapili, uwani kwangu, kwa watoto wa chuo wanaosoma sasa na kwa wakubwa waliowahi kusoma. Viatu vilijaa mlango mkubwa hata vikamwagikia njiani. Shoga yangu alipanda kunisalimia akiwa na sahani yake, akipapasa ukuta. Alipofika kwenye kona alisimama, akakitafuta kisanduku kwa mkono, akakipata. Akashika pindo la kanga yake akakipangusa vumbi, taratibu, pande zote nne, ndipo akaendelea kupanda.