Zuwena na Ukoo wa Songoro

Zuwena binti Alimasi hakuwa mtu wa kukaa. Wanawake wenzake wa mtaa wa Waswahili pale Rumonge walisema kwamba akisonga ugali, mguu mmoja huwa jikoni na mwingine mlangoni. Baba yake alimwachia michikichi ishirini na kitu nyuma ya mji, naye alikamua mawese mwenyewe. Mafuta yakishapoa, alikuwa ameshapata sababu ya kwenda Magara, au Kabonga, au popote palipokuwa na mtu wa kumjulia hali. Mumewe, Ramazani, alikuwa fundi wa mitumbwi, na yeye aliweza kushinda na ubao mmoja tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kuinua kichwa. Watoto wao watatu walikuwa wakubwa, wamehamia Bujumbura. Nyumba ilikuwa kimya, na ukimya huo Ramazani aliupenda, Zuwena haukumfaa.

Mwanzoni mwa mwaka 1963, miezi michache baada ya nchi kupata uhuru na bendera kubadilishwa, watu wa Rumonge waliitwa komini, ofisi ya serikali ya mji, kuandikwa nani mwenyeji na nani mgeni. Zuwena alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alipanga foleni tangu asubuhi mpaka akafika mbele ya karani, kijana mwenye shati jeupe, aliyeuliza bila kumtazama.

"Jina la baba?"

"Alimasi Uledi."

"Alizaliwa wapi?"

"Hapa hapa Rumonge."

"Na baba yake?"

Kabla Zuwena hajajibu, karani alikuwa ameshaandika. Zuwena alisoma madarasa mawili tu, lakini neno Congo alilijua. Lilikuwa limechapwa kwenye magunia aliyoyaona kila siku sokoni.

"Nani amekuambia Kongo?"

"Mama, watu wa kartye yenu, ule mtaa wa Waswahili, wote iko Wakongo."

"Babu yangu hakutoka Kongo."

Karani akainua kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alishika kalamu juu ya karatasi, akamngoja kweli. "Basi alitoka wapi?"

Zuwena akafungua kinywa. Kaburi la baba alilijua, na la babu pia alilijua. Nyuma ya hapo hapakuwa na kitu. Karani akangoja kidogo zaidi, kisha akamwambia kwamba akijua atarudi, na akamwita aliyefuata.

Siku zile maneno yalikuwa mengi mjini. Wengine walisema atakayeandikwa mgeni atanyang'anywa shamba, wengine wakasema ni karatasi tu. Zuwena alikuwa na michikichi yake ya kuiwaza, lakini kilichomkosesha usingizi ni kwamba aliulizwa habari za kwao mbele ya watu, akanyamaza.

Alianza na shangazi yake, Mwasiti, mdogo wa baba yake, bibi wa miaka sabini aliyekuwa akiishi nyumba ya tatu kutoka msikitini. Mwasiti alikuwa akichambua dagaa.

"Shangazi, sisi ni watu wa wapi?"

"Tulikuwa wakulima wa mpunga," alisema Mwasiti. "Babu yangu aliitwa Songoro. Alikuwa akilima mahali miaka mitano, sita, kisha anafunga mizigo. Kila akihama, anaelekea jua linapozama. Baba yangu Uledi alizaliwa njiani."

"Njia gani?"

"Mimi nilikuwa sijazaliwa, mwanangu. Ninajua ilikuwa njia."

Baadaye aliingia ndani akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne, maandishi yake ya herufi za Kiarabu. Ilikuwa karatasi ya ndoa ya wazazi wake. Zuwena aliipeleka jioni ile ile kwa Mwalimu Shafii, aliyefundisha watoto Kurani, na Mwalimu akaisoma polepole, maana wino ulikuwa umefifia. Maneno yenyewe yalikuwa ya Kiswahili. Yalisema kwamba Uledi bin Songoro, mzaliwa wa Uvinza, ameoa Ujiji mwaka wa 1299.

"Hiyo ni miaka ya Hijra," Mwalimu Shafii alimweleza. "Kwa Wazungu ni karibu mwaka 1882. Babu yako alizaliwa Uvinza, akaoa Ujiji. Kote huko ni Tanganyika, ng'ambo ya mpaka."

"Na kutoka Ujiji wakaja hapa?"

"Karatasi haisemi."

Mtu mwingine angetosheka. Zuwena alilala macho wazi. Asubuhi alirudi kwa Mwasiti, akamuuliza kama Uledi alikuwa na ndugu, kwa kuwa huenda watoto wa ndugu hao walijua zaidi. Mwasiti alifunga mlango kwanza.

"Alikuwa na dada. Jina lake Kalunde. Kutoka Ujiji walivuka ziwa, wakalima huko ng'ambo, upande wa Kongo. Hapo karani wako hakukosea sana. Ndui ikaingia. Kalunde akaugua, na babu Songoro akamwacha kwa mapadri."

"Akafa?"

"Tuliambiwa hivyo. Lakini baba yangu alimwona mwanamke sokoni Minago, mimi nikiwa mwali. Alirudi nyumbani akalala siku mbili bila kula. Siku ya tatu akatukataza kulitaja jina la Kalunde. Hatukulitaja tena."

Ramazani aliposikia kwamba mkewe anataka kwenda misheni ya Minago kusoma vitabu vya mapadri, aliweka tezo chini, akamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Mama Bora, kaa kidogo. Huyo Kalunde kama ni hai ana miaka themanini na kitu. Na wewe ni Mwislamu, utaanzaje kuwauliza?"

"Nitawaamkia amahoro, amani tu," alisema Zuwena. "Halafu nitauliza."

Alikwenda mara nne. Mara mbili padri hakuwepo. Mara ya tatu alikuta mtawa aitwaye Masera Pascasie, ndiye mtunza vitabu, ambaye alimwambia kwa upole kwamba rejista za ng'ambo zililetwa kwao zamani, zimo kwenye sanduku na hazijafunguliwa tangu vita vya Wazungu. Mara ya nne Masera alikuwa amelifungua. Alimketisha ofisini, akaweka mbele yake kitabu kikubwa kilicholiwa na mchwa pembeni, akaanza kufasiri Kifaransa chake mstari kwa mstari.

"Mwaka 1884. Mtoto wa kike, Kalunde, umri kama miaka sita. Binti wa Songoro, mkulima wa mpunga kutoka Unyanyembe. Ameachwa na baba yake, mgonjwa wa ndui. Baba na watu wake wamevuka ziwa kuelekea mashariki." Masera akasogeza kidole. "Na hapa pembeni kwa kalamu nyingine: Baba hajarudi. Mtoto amepona. Amebatizwa Anastasie."

Zuwena aliomba asomewe tena. Unyanyembe alikuwa amelisikia, nchi ya kule Tabora, safari ya siku nyingi sana toka Ujiji. Kumbe Songoro alianzia huko, akalima Uvinza, akalima Ujiji, akavuka hadi ng'ambo, na alipokimbia ndui akarudi nyuma kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akatua Rumonge. Yote hayo Zuwena aliyapokea vizuri. Lililomkaa kifuani ni lile neno dogo la pembeni, kwamba baba hajarudi.

Masera Pascasie alikuwa ameshanogewa na kazi. Alifungua kitabu cha pili, cha ndoa, akampata Anastasie ameolewa mwaka 1898 na Mkristo wa Minago. Katika kitabu cha tatu mlikuwa na mtoto wao, na katika cha nne mjukuu. "Huyu ninamjua," alisema Masera. "Généreuse, mke wa mwalimu Mathias Bigirindavyi. Nyumba yao iko pale juu ya barabara. Bibi yake alikufa mwaka 1951."

Kwa hiyo Kalunde aliishi Minago zaidi ya miaka hamsini, mwendo wa asubuhi moja kutoka kwa kaka yake.

Généreuse alimkuta Zuwena mlangoni siku hiyo hiyo, vumbi hadi magotini. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na saba, mpole, na alidhani mgeni amekuja kuuza mawese. Zuwena alimweleza amesimama. Généreuse alisikiliza mpaka mwisho, akavuta kiti.

"Bibi alikuwa na makovu ya ndui hapa na hapa," alisema. "Tulimuuliza watu wake wako wapi. Alisema walikwenda kutafuta mashua kubwa zaidi, watarudi kumchukua. Alikuwa bibi kizee na bado anasema hivyo."

Zuwena akakaa.

Wiki iliyofuata waliongozana komini. Karani aliyasoma yote, nakala ya karatasi ya ndoa aliyoiandika Mwalimu Shafii na ile ya rejista aliyoiandika Masera, akashangaa kwa dhati. Kisha akakata neno Congo na kuandika Tanganyika.

"Bado mimi ni mgeni?" aliuliza Zuwena.

"Mama, Tanganyika iko inchi nyingine."

"Na huyu?" Alimwonyesha Généreuse. "Huyu na mimi ni watu wa Songoro mmoja."

Karani akaangalia kitabu chake. "Huyu ni Murundi. Iko na karatasi ya ubatizo, na bwana yake ni wa hapa."

Généreuse alitaka kuondoka kwa aibu. Zuwena alicheka mpaka watu wa foleni wakageuka, lakini njiani kurudi alitembea mbele peke yake mpaka walipoachana.

Miaka tisa ikapita hivyo. Michikichi hakuna aliyeigusa. Zuwena alikuwa akienda Minago kila mwezi, na Généreuse alikuja Rumonge sikukuu ya Idi na watoto wake wawili wa kike. Mwasiti, kabla hajafa, alimshika Généreuse uso kwa mikono miwili, akaupapasa muda mrefu. Mara moja Zuwena alipanda boti hadi Ujiji, akazunguka mabonde ya mpunga akiuliza habari za Songoro. Watu walimkaribisha, wakampa chakula, hawakumjua. Alirudi amekonda, na baada ya wiki mbili akaanza kuzungumza habari za kwenda Uvinza.

Mwisho wa Aprili 1972 vita vilianzia huko huko, kando ya ziwa. Kwanza walipita waasi wenye mapanga wakaua majirani, familia nzima nzima. Baada ya siku chache wakaja askari, na sasa waliokuwa wakitafutwa wakawa wengine: watu waliosoma, na mitaa iliyoshukiwa kuwasaidia waasi. Mwalimu Mathias aliitwa mkutanoni pamoja na walimu wenzake. Alivaa koti, akachukua kalamu. Gari liliwachukua saa nne asubuhi, na jioni halikuwarudisha, wala kesho yake.

Généreuse alifika Rumonge kwa miguu, akipita mashambani, na binti zake wote wawili. Mtaa wa Waswahili ulikuwa umeanza kupekuliwa, nyumba kwa nyumba. Zuwena aliwaficha karakanani kwa Ramazani, nyuma ya mbao, akaenda kusimama njiani, akarudi, akaenda tena. Ni Ramazani aliyeamua. Alikuwa na mtumbwi mmoja ambao haujazibwa vizuri. Aliuziba asubuhi moja pale ufukoni kwa pamba na mawese yaliyochemshwa, akaweka makasia na mkungu wa ndizi.

"Nenda ukawaite Généreuse na watoto," alimwambia mkewe.

"Na kazi yako? Na mbao zote zile?"

"Mama Bora, nenda ukawaite."

Waliondoka mchana, mvua kubwa inanyesha na ufuko hauna mtu. Kwa siku tatu walifuata pwani kuelekea kusini, Ramazani na Zuwena wakipiga makasia, wasichana wakichota maji kwa sufuria. Walipopita Kabonga waliona moshi na mitumbwi mingine mingi ikienda njia moja na wao. Généreuse alikaa mbele, ameupa mgongo upande wanakokwenda, akitazama kule Minago ilikokuwa, hata milima ya huko ilipokwisha kupotea.

Kigoma waliandikwa wakimbizi na kupandishwa gari la moshi pamoja na mamia ya watu wa pwani. Njiani treni ilisimama kituo kimoja, Zuwena akasoma kibao: Uvinza. Alitaka kushuka. Ramazani akamshika kanga, treni ikaondoka. Walifikishwa Tabora, kisha kwa malori mpaka porini, Ulyankulu, ambako serikali ya Tanzania ilikuwa imewatengea wakimbizi ardhi. Palikuwa na miti na mbung'o, na vijiji vilivyoitwa kwa namba. Hii ndiyo nchi ya Unyanyembe, au jirani yake, nchi aliyoihama Songoro.

Zuwena aliwauliza wazee wa Kinyamwezi wa pale karibu. "Songoro ni wengi," mmoja alimwambia. "Na walioondoka zamani ni wengi pia. Wewe lima hapa." Hakumuuliza mwingine. Ramazani, asiye na ziwa, alianza kuchonga vitanda. Barua ya watoto wao iliwafikia: Bujumbura walikuwa salama.

Wakati huo kila mtu kambini alikuwa akimtafuta mtu. Mke yuko kijiji cha pili, mume hajulikani, mtoto alipandishwa lori jingine. Zuwena, mwenye miaka hamsini, alinunua daftari. Alikwenda kijiji kwa kijiji kwa miguu, akiandika kwa herufi zake kubwa za darasa la pili: jina, jina la baba, mahali alikotoka, nani alimwona mara ya mwisho na wapi. Akifika kijiji kingine aliyasoma majina kwa sauti kwenye foleni ya maji. Mara nyingi hakuna aliyejibu. Mwezi wa tatu wa kazi hiyo, mama mmoja wa Magara aliangusha ndoo aliposikia jina la mwanawe. Kabla mwaka wa pili haujaisha alikuwa amewakutanisha watu thelathini na wanne, na maofisa walianza kumwachia nafasi kwenye malori yao.

Jina la Mathias Bigirindavyi alilisoma kila kijiji. Alilisoma pia Kigoma, mara mbili alizorudi huko, na aliwauliza wote waliotoka Minago. Kila aliporudi, Généreuse alikuwa akipalilia mihogo, naye Zuwena alimweleza: kijiji cha saba hapana, cha nane hapana.

Siku moja ya mwaka 1974 Généreuse alimsikiliza, akaendelea na jembe mpaka mwisho wa tuta, ndipo akanyooka.

"Dada, usimuulizie tena."

"Sijafika kijiji cha kumi na moja."

"Ninajua. Ninakuomba."

Zuwena aliweka daftari chini. Alichukua jembe la pili, akalima tuta lililofuata pamoja naye mpaka jua likawa kali. Jumatatu lori lilipokuja alipanda, akaenda kijiji cha kumi na moja. Alisoma majina yote ya daftari, ukurasa kwa ukurasa. Jina la Mathias alilipita bila kulisoma.