Fimbo za Kupigia Mpira

Juzi, kwenye uwanja wa parokia hapa Bunia, niliona mtoto akifunga macho kila mpira ulipomjia, nikakumbuka siku yangu ya kwanza pale, nikiwa mtoto.

Siye tulikuwa tumekimbia vita kule Djugu. Kule, mtu mzima aliyepanga watoto mstari na kuwapa fimbo alikuwa anawapeleka porini kupigana. Kwa hiyo kocha wa besiboli alipotupanga na kutupa fimbo zilizonuka mbao mbichi, nilidhani anatafuta wenye nguvu. Nikawa napiga hewa makusudi. Waliopiga mpira ukagonga paa la kanisa, aliwatuma wakanywe uji. Mimi akanishika bega.

“Weye ubakie,” akasema kwa upole. “Wenye kukosa ndio nimekuja kufundisha.”

Nikaiweka fimbo chini.

“Papa,” nikamwambia, kama tunavyomwita baba, “niache kwanza niage mama.”