Mawe ya Nyongo Yaliyoyeyuka Juani

Jamani, mmewahi kuona jiwe likiyeyuka?

Mimi nimeona leo, hapahapa Tunduma.

Dada yangu Tumaini ana mawe kwenye mfuko wa nyongo. Daktari alimshauri upasuaji, akaogopa. Akanunua virutubisho sokoni, unga wa mlonge na bitiruti. Unakunywa na mafuta ya kula na limao, eti mawe yanatoka yenyewe.

Asubuhi akaniita kwa shangwe.

"Mdogo wangu, njoo uone! Yametoka!"

Kwenye kopo kulikuwa na madonge madogo ya kijani, laini kama sabuni. Akayapiga picha kwa simu, tukaliacha kopo kibarazani, tukaingia kunywa chai.

Niliporudi, jua lilikuwa limelipiga. Hakuna jiwe hata moja. Mafuta matupu.

Yaani ni yaleyale mafuta aliyokunywa!

Nikageuka nimwambie. Nikamkuta ameinama, ameshika ubavu wa kulia, anatetemeka. Akaniinulia macho.

Ya njano kabisa.

Sasa tuko hospitali. Jiwe limeziba njia ya nyongo, tunasubiri gari la kumkimbiza Mbeya.

Simu yake ninayo mimi. Sasa hivi mama amepiga kutoka Chitete. Naye anaumwa nyongo.

"Mwambie dada yako picha za mawe nimeziona. Ule unga alionitumia naanza leo. Dawa za hospitali nimeziweka pembeni."

"Mama, usinywe!"

Mtandao ukakata. Napiga, hapatikani.

Kama uko Chitete na unapafahamu nyumbani kwetu, tafadhali, pita pale sasa hivi.