Niliacha Mswaki ili Fizi Zipone

Jamani, nimekosa, na wa kumlaumu simpati ila mimi. Mkinicheka, chekeni tu, nyinyi mna meno.

Mimi ni dereva wa watalii hapa Karatu, napeleka wageni Ngorongoro. Kazi yenyewe ni kuongea na kutabasamu. Mwaka jana nikaanza kutema damu kila nikipiga mswaki. Kwa akili zangu nyingi nikaamua kwamba kidonda hakisuguliwi. Nikaacha mswaki ili fizi zipone!

Na kweli, damu sikuiona tena. Nikajiona daktari.

Fizi zikavimba. Ukoga ukaganda mgumu. Baadaye fizi zikaanza kurudi nyuma, meno yakaonekana marefu, mengine yakawa yanacheza. Lakini hayaumi! Sasa asiyeumwa anaenda hospitali kufanya nini?

Mke wangu akaniambia taratibu, "Baba Neema, nenda kwa daktari. Kinywa kinatoa harufu."

Weee! Nikafoka. "Umeanza kunidharau? Mbona wageni hawalalamiki?"

Tena wageni walinipenda mno. Hawakosi kunipa pipi za minti, kila safari. Nikamwonyesha mke wangu mfuko mzima, ushahidi huo. Akaziangalia, akaenda kulala na mtoto.

Basi siku moja tuko kreta, tunakula chakula cha mchana garini. Nawaeleza wageni habari za tembo wazee wanaokaa kwenye kinamasi, kwamba magego yao yameisha, wanafuata majani laini. "Tembo akiishiwa meno," nikasema kwa madaha, "ndiyo basi tena." Nikang'ata paja la kuku.

Jino la mbele likabaki kwenye kuku. Mama mmoja mgeni akapiga ukelele ambao hata simba hakupigiwa.

Daktari wa meno alinitazama kwa huruma. "Fizi ikitoka damu ndiyo inataka mswaki, baba. Uchafu umeingia chini ya fizi, mfupa unaoshika meno umelika. Huo haurudi." Akang'oa na la jirani yake. Yaliyobaki tunayabembeleza.

Sasa Mama Neema ananifungia mtori wa ndizi za kupondwa kwenye hotipoti. Hajawahi kusema "nilikwambia". Afadhali angesema! Naula garini peke yangu, na tembo wazee wako pale mbele na majani yao laini.

Ndugu yangu, ukiona damu, usiache mswaki, na uende hospitali mapema. Na watu wakizidi kukupa pipi za minti, usiwashukuru kwanza. Muulize mkeo kwa nini, na akikujibu, usifoke.